Kifuniko Kimoja kwa Pampu Moja

Jumamosi ya kwanza baada ya mkewe kutoka hospitali, Bwana Dawa alikwenda kununua mboga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe. Mkononi alishika kikapu chekundu, mfukoni alitia karatasi, na usoni alikuwa kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Mkewe aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Madaktari walimtia chuma na kumkataza kutembea mbali kwa miezi mitatu. Kutembea alikatazwa, kuamuru hakukatazwa. Asubuhi hiyo alijiegemeza kwenye mito akamwandikia mumewe: mchicha mafungu manne, karoti zenye majani yake, nyanya zilizoiva kweli, biringanya mbili ndogo, giligilani. Chini akapiga mistari miwili: *Soko la uani tu. Usiniletee za barabarani.*

Soko la uani lilikuwa meza kumi na nane zilizopangwa kila Jumamosi katika uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita. Wauzaji walikuwa wakulima wadogo waliokubaliana kutotia mbolea ya dukani wala kunyunyizia dawa, na kamati yao ilipita mashambani kukagua. Bei ilizidi kidogo ya soko kubwa. Wateja walikuwa walimu, wauguzi, wazee wenye sukari, na watu waliosoma habari zikawatia hofu.

Kwa miaka thelathini na mmoja Bwana Dawa aliendesha duka la pembejeo, mbolea na dawa za wadudu, na jina hilo alilipata hapo. Ukimtajia mdudu yeyote alikuwa akikwambia anakula jani gani, anataga lini na anakufa kwa nini. Lakini kusimama mbele ya meza na kuchagua jani la kupikwa ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kwenye meza ya kwanza aliinua kabichi, akaigeuza, akairudisha.

"Hii imeliwa," alisema.

"Imeonjwa tu, mzee wangu," muuzaji alimjibu. "Hapa kwetu matundu ndiyo cheti."

Watu wakacheka. Bwana Dawa naye akacheka kidogo, kwa adabu. Akanunua karoti, akapewa na giligilani ya nyongeza kwa sababu alikuwa ameuliza kama yale majani ya karoti ndiyo giligilani. Nyanya alichagua ngumu, mama aliyezipima akazitoa zote na kumwekea nyingine bila kumuuliza. Alijihisi kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati hadharani.

Mchicha ulikuwa meza ya mwisho, karibu na bomba. Mwanamke aliyeuza alikuwa mnene, mwenye kofia ya majani makavu, na kabla hata ya kumtazama mteja alikitazama kikapu.

"Kikapu hiki nakijua! Mwenyewe yuko wapi? Jumamosi tatu sijamwona, nikasema kahama."

"Ni mke wangu. Alivunjika nyonga."

"Masikini! Mama Kikapu ni mkeo?" Mwanamke akainua uso, tabasamu bado lipo, kisha likasimama palepale kama limesahau linakokwenda. "Wewe si Bwana Dawa?"

"Ndiye mimi."

"Baba!" alimwita mumewe nyuma yake. "Njoo umwone nani yuko hapa. Usije, kaa hapo hapo. Huyu hapa Bwana Dawa!"

Nyuma ya meza, juu ya kiti cha plastiki chenye mto, alikaa mwanamume akifunga mafungu ya mchicha kwa kamba. Mikono yake ilitetemeka. Kila fundo alilifunga mara mbili tatu ndipo likamkubali, na macho yake yalitoa maji ambayo aliyafuta kwa bega ili asiachie kamba. Magongo mawili yaliegemea ukuta. Bwana Dawa alimtambua kwa sauti kabla ya sura.

"Mwalimu wangu!" yule mtu alisema kwa furaha isiyo na doa. "Unaona mwanafunzi wako alivyofeli?"

"Habari za siku nyingi," Bwana Dawa alisema.

"Nzuri tu. Miaka tisa sasa. Ulinifundisha vizuri kabisa, nakumbuka mpaka leo: kifuniko kimoja kwa pampu moja. Ulisema mara mbili, ukanionyesha kwa kidole. Mimi na kichwa changu nikaenda kumimina dawa sijui vifuniko vingapi. Hata sikumbuki kuzidisha, lakini bwana shamba alisema lazima nilizidisha, na daktari naye akasema hivyo hivyo. Basi, nimezidisha."

"Vifuniko, usianze!" alidakia muuza mayai wa meza ya jirani, na hapo Bwana Dawa akaelewa kwamba hilo ndilo jina lake sokoni. "Kila mteja lazima aisikie?"

"Huyu anastahili kuisikia, ndiye mwalimu," alisema Vifuniko.

"Nilimwambia apime," mkewe alisema huku akitia mchicha kwenye kikapu, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kila siku. "Miaka yote namwambia: mambo ya vipimo si mambo ya haraka. Haya, mafungu manne, na la tano zawadi ya mgonjwa. Mwambie Mama Kikapu nampa pole sana."

Bwana Dawa alilipa. Alijaribu kulilipia la tano, akakataliwa. Akatembea mpaka nyumbani bila kuhamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, na alipofika, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

*

Mchana huo mboga zilipikwa na binti yao, karani wa mahakama, ambaye hakuolewa na aliishi nao. Walikula chumbani kwa wazazi ili mama asisumbuke kutoka. Bwana Dawa alikula kila kitu akauacha mchicha, akiusukuma pembeni ya sahani.

"Umewaona," mkewe alisema.

"Nani?"

"Mzee, usinifanye mtoto. Umewaona wote wawili au mmoja?"

"Wote wawili."

Binti yao akawatazama kwa zamu. "Kina nani?"

Mama alimwomba amvutie sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akapekua chini ya vitenge ambavyo havikuvaliwa siku nyingi, akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua moja ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa ofisi ya kilimo. Bwana Dawa hakuhitaji kuisoma. Aliifahamu kama mtu anavyofahamu kovu lake.

"Nilidhani uliichoma," alisema.

"Uliniambia niichome. Sikuichoma."

Binti akaichukua akaisoma akiwa amesimama, jinsi alivyozoea kazini. Barua ilisema dawa fulani ya kopo la kijani imeonekana kuharibu mishipa ya fahamu ya mnyunyiziaji, hata inapotumika kwa kipimo sahihi. Kwamba maduka yote yaache kuiuza mara moja, na makopo yote yarudishwe kwa msambazaji.

"Tulikuwa nayo mangapi?" binti aliuliza.

"Arobaini," baba yake alisema.

"Mkayarudisha?"

Nje, jirani alikuwa akipiga zulia. Walimsikia akipiga, akipumzika, akipiga tena.

"Nilimsomea barua siku ile ile," mama alisema. "Baba yako akasema tumalize stoo kwanza. Msambazaji hakuwa akirudisha hela, na wewe ulikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Akashusha bei, yakaisha kwa miezi miwili."

"Na wewe ukanyamaza," Bwana Dawa alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemkaribisha akae.

"Nikanyamaza. Mimi sijasema sikunyamaza." Mkewe akaivuta shuka, akainyoosha mahali ambapo haikujikunja. "Niliposikia kwamba yule baba kaanguka shambani na miguu imekataa, nikaanza kuulizia. Nikaambiwa mkewe anauza soko la uani. Siku ya kwanza nilienda kumwambia. Hakika nilienda kumwambia. Nikafika pale mezani, akaniuliza, nikupe mafungu mangapi? Nikasema manne. Tangu siku hiyo nanunua manne. Miaka sita. Sisi watu watatu hatumalizi hata mawili, mengine nagawa kwa majirani."

Bwana Dawa akasema, "Yule mtu anaamini alizidisha kipimo. Anajicheka mwenyewe mbele yangu, ananiita mwalimu. Watu wanamwita Vifuniko."

"Najua wanavyomwita."

"Na mkewe anamlaumu."

"Najua, mzee. Kila Jumamosi namsikia akimlaumu."

Binti aliikunja barua akairudisha ndani ya bahasha, lakini hakuirudisha sandukuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nisikilizeni. Mimi nashinda na karatasi za watu. Mtu akisema neno, kesho anaweza kulikana. Karatasi haikaniki. Baba, kama moyo unakusuta, nenda ukampe pole, msaidie na dawa za hospitali. Lakini hii ikitoka humu ndani, tukashtakiwa, nyumba hii inaweza kuondoka nayo. Mama yupo kitandani. Mtaenda wapi?"

"Pole ya nini nitampa, kama sisemi kosa?"

"Pole ya ugonjwa. Watu hupeana."

"Leo wao ndio wamenipa," alisema Bwana Dawa. "Na fungu la mchicha juu yake."

Wiki hiyo ilikwenda polepole. Siku ya Jumatano alimwambia mkewe atakwenda. Alhamisi akasema labda amwandikie. Ijumaa hakusema kitu. Jumamosi asubuhi alimkuta mkewe ameshaandika orodha, na juu ya orodha ameweka bahasha.

Binti alimfuata mpaka mlangoni. "Mwonyeshe, basi, kama ni lazima. Lakini urudi nayo. Niahidi, Baba."

"Nitarudi nayo," alisema.

*

Alifika mapema, makusudi, kabla wateja hawajajaa. Mama mchicha alikuwa akinyunyizia mafungu maji kwa mkono. Mumewe alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti chake.

"Mgonjwa vipi?"

"Anaendelea." Bwana Dawa aliweka kikapu chini. "Nilitaka kuzungumza na mzee pembeni kidogo."

"Pembeni ipi?" Vifuniko alicheka. "Kunisimamisha tu ni kazi ya watu wawili. Semea hapa hapa. Mimi na huyu hatufichani, na muuza mayai atasikia tu, hata tukienda nyuma ya choo."

Muuza mayai akainua mkono kukubali.

Bwana Dawa alikuwa amejipangia maneno njiani, yenye mwanzo mzuri. Yote yalimtoka. Akasema, "Hukuzidisha kipimo."

"Nini?"

"Ile dawa. Hata kwa kifuniko kimoja ingekudhuru. Ilikwisha pigwa marufuku nilipokuuzia. Nilikuwa nimepata barua. Nilijua."

Kamba ilimponyoka Vifuniko ikaangukia magotini pake, akaitazama. Mkewe ndiye aliyenyoosha mkono, na Bwana Dawa akampa bahasha. Alifuta vidole kwenye kanga, akaisoma kimya, midomo ikicheza, halafu alipofika katikati akasimama.

"Soma kwa sauti," mumewe alisema. "Mimi macho hayawezi."

"'...huharibu mishipa ya fahamu ya mnyunyiziaji...'"

"Endelea."

"'...hata inapotumika kwa kipimo sahihi.'"

"Rudia hapo."

"Baba..."

"Hapo. Rudia."

Akarudia. Sauti ilimkatika kwenye neno *sahihi*, akaisukuma ikatoka. Muuza mayai aliacha kupanga mayai. Mteja mmoja, muuguzi aliyevaa sare, alikuja akauliza mchicha bei gani, akatazama nyuso zao, akaondoka bila kusubiri jibu.

"Tarehe?" Vifuniko aliuliza.

"Mwezi wa tatu."

"Mimi nilinunua mwezi wa tano, mvua zilipokaribia kwisha. Nakumbuka kwa sababu ulinipunguzia bei. Nikakushukuru." Akamgeukia Bwana Dawa. "Nilikushukuru au sikukushukuru?"

"Ulinishukuru."

Mama mchicha aliiweka barua mezani, akainama, akakichukua kile kikapu chekundu akakitazama ndani kana kwamba ataona mtu. Kilikuwa kitupu. "Na Mama Kikapu? Naye alijua?"

Bwana Dawa alifikiri kusema hapana. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa mdomoni tayari. "Alijua," alisema.

"Miaka sita namwekea yale ya chini, mabichi, ambayo hayajaguswa na jua. Miaka sita anasimama hapo ulipo wewe, namsimulia jinsi nilivyomwosha mume wangu kitandani kama mtoto, jinsi nilivyouza ng'ombe, na yeye anasema pole, dada. Pole, dada!" Akakisukuma kikapu kifuani mwa Bwana Dawa. "Kwangu msinunue tena. Wewe wala yeye. Mkipita, piteni kule kwenye kabichi."

"Nimekusikia."

"Hujanisikia! Na mimi mwenyewe... miaka yote hii nimemwambia..." Hakumaliza. Alimgeukia mumewe, akakaa juu ya sanduku la mboga lililopinduliwa, kofia ikiwa imekwenda upande.

Vifuniko alimtazama mkewe kwa muda. "Uliniambia sana," alisema.

"Nilikuambia sana," mkewe alikubali, akalia bila kujifunika uso.

Muuza mayai alisogea. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyapata machache. "Mzee mwenzangu," alisema, na hakumwita jina la sokoni, "kumbe tulikuwa tunakuonea."

"Mlikuwa hamjui. Hata mimi nilikuwa najionea." Vifuniko aliokota kamba, akajaribu kuiviringisha kidoleni, ikamshinda, akaiacha. Bwana Dawa alikuwa akingoja. Alikuwa amejiandaa kwa tusi, kwa kofi, hata kwa kusamehewa, na kusamehewa ndiko alikokuogopa zaidi. Lakini alichoulizwa kilikuwa kingine kabisa.

"Makopo yalikuwa mangapi?"

"Makopo?"

"Ulipopata barua. Stoo kulikuwa na mangapi?"

"Arobaini."

"Mimi nilichukua mawili." Yule mtu alisubiri, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi. Kisha akamalizia mwenyewe. "Thelathini na manane alichukua nani?"

"Ni miaka tisa. Wateja walikuwa wengi."

"Duka lilikuwa lako. Ulitujua mpaka mashamba yetu, ulikuwa ukituuliza habari za nyanya kwa jina la mtaa. Huko nje kuna mtu mwingine anaambiwa na mkewe kwamba hakupima. Au hajui hata kinachomtetemesha, anaambiwa karogwa, anaambiwa mlevi. Nenda ukakumbuke." Akanyoosha mkono juu ya meza, mkono unaotikisika, akauweka juu ya barua ili isipeperuke. "Na hii niachie."

Bwana Dawa akaiona akilini sura ya binti yake mlangoni. Akaiona nyumba, na mkewe juu ya mito. Angeweza kusema kwamba ameahidi kuirudisha, kwamba atatoa nakala, kwamba ataileta wiki ijayo. Muuza mayai alikuwa akimtazama. Mama mchicha hakumtazama.

"Ni yako," alisema.

*

Binti yao hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia baba yake hofu. Aliuliza mara moja tu, "Umeiacha?" na alipojibiwa akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Bwana Dawa alimweleza mkewe yote, neno kwa neno, pamoja na yale ya kabichi. Mkewe alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipofika mahali pa *pole, dada*, alimshika mkono ili anyamaze kidogo, halafu akamwachia aendelee.

"Nikipona nitakwenda mwenyewe," alisema mwishoni. "Si kununua. Akinifukuza, anifukuze mimi, si kikapu." Kisha akafumbua macho. "Lete kalamu."

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini? Wewe unasahau majina, mimi nasahau mashamba. Tukikaa wawili tutapata."

Wakaanza. Haikuwa rahisi, na juu ya baadhi ya majina walibishana. Mwenye bustani ya karibu na daraja, alichukua mawili au matatu? Yule fundi baiskeli aliyelima vitunguu. Wale ndugu wawili wasiosalimiana, kila mmoja akaja siku yake. Mjane wa mteremkoni, alimtuma mtu. Kila walipokubaliana Bwana Dawa aliandika, kwa herufi kubwa, na pembeni akaandika anakopatikana. Wengine walikuwa wamehama. Mmoja alikuwa amefariki.

"Yeye tumwache," alisema Bwana Dawa.

"Ana watoto. Andika."

Ilipofika saa nane walikuwa na watu kumi na moja na makopo ishirini na saba. Hapo wakakwama. Mkewe alitazama dari muda mrefu, vidole vyake vikihesabu juu ya shuka, na mara vikasimama.

"Na kaka yangu," alisema.

"Shemeji hakununua."

"Hakununua. Ulimpa. Alikuja kututembelea, ukampa makopo matatu ya bustani yake, ukasema zawadi ya mfanyabiashara."

Bwana Dawa aliitua kalamu. Shemeji yake aliishi mji mwingine, safari ya siku nzima, na alikuwa mtu mwenye afya, mcheshi, aliyempigia simu dada yake kila mwisho wa mwezi. "Lakini yeye mzima," alisema.

"Mzima," mkewe alisema. "Mwezi uliopita alinichekesha. Anasema siku hizi vikombe vinamponyoka, mkewe kaamua kumtilia chai kwenye kikombe cha bati."

Jikoni maji yaliacha kutiririka. Binti yao alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa, na haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Mjomba huyo ndiye aliyemlea likizo zote za utoto wake. Alijifuta mikono kwenye sketi, akachukua simu iliyokuwa juu ya kabati, akatafuta namba. Akaitazama namba bila kuibonyeza.

"Nimwambie mimi," aliuliza, "au utamwambia wewe, Baba?"

Bwana Dawa aliandika kwanza jina la shemeji yake, na mbele yake akaandika tatu. Kisha akanyoosha mkono apewe simu.